Goti Langu na la Ng'ombe

Simu ya kifo cha mama mkwe wangu ilinikuta nimelala chali sakafuni, mguu wa kulia uko hewani. Hivyo ndivyo ninavyoianza kila siku: nakaza paja, nainua mguu ukiwa umenyooka, naushikilia hapo juu kidogo, halafu naushusha polepole bila kuuachia. Majirani wetu hapa Busia waliowahi kunichungulia dirishani wanaamini ni aina fulani ya sala. Aliyepiga ni Awor, dada wa mume wangu Oboth, na alinipigia mimi kwa sababu simu ya kaka yake huwa haina chaji siku inapotakiwa. "Wifi," akasema, "mama ametuacha." Nikabaki pale pale chini, mguu umeshuka wenyewe, na jambo la kwanza kunijia, Mungu anisamehe, halikuwa kilio. Lilikuwa swali: nani alikuwa naye chumbani? Nimezaliwa mtu wa kushuku, na uzee haujanipunguzia. Nikipewa chai nainusa kabla ya kuionja. Wauza mafuta ya viungo pale kituoni wananijua; wakiniona nakuja nikichechemea wanaacha kupiga kelele, maana niliwahi kumwambia mmoja wao ajipake mwenyewe kwanza, tena mbele ya wateja wake.

Goti lenyewe tumeshazoeana. Asubuhi linakuwa gumu, nalikanda kwa kitambaa cha maji moto kabla sijalitwika mwili. Shambani nalimia juu ya kigoda kirefu nilichochongewa, nikihama nacho mstari kwa mstari, na watu wakicheka nawaacha wacheke. Sokoni naenda kwa baiskeli, kiti kimeinuliwa juu ili mguu ukaribie kunyooka ninapokanyaga. Mteremko nauogopa kuliko mlima. Nikizidisha kazi linavimba, nalipatia maji baridi na mapumziko ya siku moja, lakini si zaidi ya hapo, kwa sababu goti likilazwa sana linasahau kazi yake. Haya yote nilijifunza mwaka mmoja tu wa ujana wangu, nyumbani kwa huyo mama aliyetutoka, na sikujifunza kwa hiari.

Mwaka huo nilikuwa mchezaji wa mpira wa pete upande wa Kenya, mrefu, mwenye maringo, ninayeruka. Tulikuwa tunacheza na wanawake wa ng'ambo ya mpaka. Niliruka kudaka mpira, nikatua mguu mmoja ukiwa umeingia kwenye shimo la fuko; mwili ukageuka, goti likakataa kugeuka nao. Nilisikia mlio ndani, mfupi, mkavu. Wenzangu walidhani najifanya ili tupewe mpira, na mmoja wao akaninong'oneza, "Endelea hivyo hivyo, refa anaangalia." Hospitalini waliniambia kano za ndani zimechanika. Hakukuwa na habari ya kupasuliwa kwa mtu kama mimi. Nikakabidhiwa kwa dada wa mazoezi ya viungo, mwembamba, mkali, aliyenibinya goti huku akiniangalia usoni badala ya kuangalia goti. Alinifundisha kukaza paja, kuinua mguu, kufunga uzito mwepesi kwenye kifundo, kutembea mahali tambarare. Nikamwambia inauma. Akasema, "Maumivu yanayoisha kabla ya kesho asubuhi ni ya kazi, yaache. Yakilala na wewe na kuamka na wewe, umezidisha. Punguza, lakini usiache." Nilimshuku hata yeye. Niliona ni njia ya hospitali kunitoa kitandani wampe mwingine.

Tatizo ni kwamba Oboth alikuwa ameshanichumbia kabla ya goti. Kwao ni ng'ambo ya mpaka, nje kidogo ya Tororo, mahali ambapo ukifungua mlango wa mbele unaliona lile jiwe kubwa la mji, na kiangazi majani ya migomba yanageuka kijivu kwa vumbi la kiwanda cha saruji. Walikubaliana nikakae kwa mama yake, Mama Nyafwono, nijifunze nyumba wakati wanatafuta ng'ombe wa kupeleka kwetu mwisho wa mwaka. Oboth mwenyewe alilinda stoo mjini, akirudi Jumamosi na mkate. Kwa hiyo mimi na mama yake tulibaki tukitazamana. Chumba chake cha wageni nakikumbuka kuliko vyumba vyangu mwenyewe: viti vya mbao vilivyovishwa vitambaa vya kushona kwa mkono, kalenda za miaka iliyopita ambazo hakuzitoa kwa sababu ya picha, picha ya Yesu juu ya mlango, na chini, katikati, mkeka. Mkeka ule ndio uliokuwa shida yangu. Huko mwanamke akileta maji ya kunawa anapiga magoti. Akimpa mgeni kikombe anapiga magoti. Akisalimu mkubwa anapiga magoti, na salamu zao hazina haraka. Kwetu ng'ambo tulikuwa tumeanza kuliacha hilo, ukiinama kidogo mzee anaridhika. Na mimi goti langu lilikunjika mpaka mahali fulani, likagoma.

Mama Nyafwono alikuwa na neno moja la kuwaambia wageni. Nilipoingia na birika na bakuli, nikasimama na kuinama tu, yeye aliharakisha kusema, "Mtuwie radhi, mugole wetu iko na goti." Mugole ni bibi harusi. Kila mtu duniani ana magoti, lakini mimi pekee ndiye niliyekuwa nalo. Wageni walitikisa vichwa, "Bambi, pole, nyabo," yaani maskini, pole, mama, halafu wakanyamaza kwa namna ambayo watu wananyamaza wakisubiri utoke. Nilipotoka, nilisimama nyuma ya pazia la jikoni. Waliendelea kwa lugha yao ya Kijopadhola, ambayo sikuijua, na ndani yake nililisikia jina langu likipita, likirudi. Usiku huo chakula kilikuwa kuku, posho, ndio ugali wao, na mboga ya kunde iliyotiwa karanga. Mama mkwe akanipakulia kipande cha nyama. Kilikuwa mguu. Nilikiangalia sana kile kipande. Watoto wa jirani wangekifurahia, mimi nilikiona kama barua. Awor, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa umri wangu, aliniuliza, "Wifi, kuku haikuiva?" Nikasema imeiva, nikala, lakini sikumaliza.

Kilichofuata ni kigoda. Mama Nyafwono aliniletea kigoda kifupi cha kukalia jikoni, akasema nikae niwe napembua mtama bila kuchoka. Mtu mwenye goti kama langu akikaa chini hivyo, goti linakunjwa mpaka mwisho, na kuinuka ni kama kuanza ugonjwa upya. Alijua au hakujua? Nililiwaza hilo wiki nzima. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nikasema moyoni, na huyu amenipa kigoda. Mchana mmoja nilimsikia akimwambia mama mmoja wa kanisani, kwa Kiswahili kwa sababu yule mama alikuwa Msamia wa Dabani, "Mimi sijui kama huyu alizaliwa hivyo na watu yake walificha." Kwa hiyo nilijua anachowaza: kwamba kwetu tuna kilema cha kurithi, tumekifunika kwa sketi ya mpira wa pete na kukisukumia kwao. Nami nikawaza kwamba anatafuta sababu ya kunirudisha. Tulishukiana hivyo huku tukipitishiana chumvi.

Kwa kuwa sikutaka wanione nikijitibu, wasije wakapata ushahidi wa ugonjwa, mazoezi yangu niliyafanya kwa siri nyuma ya bafu la nyasi. Nilichukua soksi yangu ya shule, nikaijaza mchanga wa kijito, nikaifunga fundo. Hiyo nilijifunga kwenye kifundo cha mguu, nikainua na kushusha, nikihesabu kwa sauti ndogo. Soksi niliificha chini ya kitanda. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Mimi niliumbuliwa na soksi. Awor aliniona siku moja kupitia nyasi, nimelala chini, mguu hewani, midomo inacheza, soksi nzito inaning'inia. Hakuuliza. Alingoja nikaenda kisimani, akaingia chumbani kwangu, akaipapasa chini ya kitanda, akampelekea mama yake. Mchanga, fundo, soksi ya mwanamke, maneno ya kunong'ona: wewe ungedhani nini? Nyumba ile ilikuwa ya sala asubuhi na jioni, na watu wa sala ndio wa kwanza kuona uchawi. Niliporudi na ndoo, soksi ilikuwa juu ya meza ya wageni, peke yake, juu ya kitambaa cheupe, na hakuna aliyeigusa mpaka jioni. Nilieleza ni dawa ya hospitali. Mama Nyafwono akauliza, "Hospitali ndiyo nakupa mchanga?"

Siku chache baada ya hapo alikuja Mzee Okiru. Alikuwa Mteso kwa kabila, mnunuzi wa ng'ombe, aliyezijua njia zote kati ya Tororo na kwetu, na familia ilikuwa imempa kazi ya ushenga kwa sababu hiyo hiyo. Kwa kuwa yeye hakujua lugha yao vizuri wala wao ya kwake, walizungumza Kiswahili cha kule. Aliwekewa kinywaji cha mtama kwenye chungu, na mrija mrefu, chini ya upenu. Mimi nilikuwa ndani napiga pasi, dirisha wazi, makaa yanapumua. Nikamsikia akivuta mrija, akaachia, akasema, "Mama, mimi nakwambia ukweli. Hii kitu iko na shida ya goti. Leo inatembea, kesho inalala. Wewe irudishe kwao, wakupe ingine."

Nikamsikia Mama Nyafwono, "Hata mimi naona hivyo. Lakini nitaambia Oboth nini?"

"Oboth ni kijana. Ataona ingine, atasahau."

Awor, aliyekuwa akiongeza maji ya moto kwenye chungu, akacheka.

Niliiacha pasi juu ya shati la Oboth. Nilitoka kwa mlango wa mbele nikiruka kwa mguu mmoja, maana kwa hasira nilisahau kuupa ule mwingine nafasi yake, nikajishika kwenye nguzo ya upenu. "Nani arudishwe?" nikapiga kelele. "Nani ni kitu? Semeni sasa, niko hapa, msinisemee dirishani! Goti langu nililivunja mimi, sikuliiba kwenu! Mkitaka niondoke niambieni kwa jina langu, nitaenda leo, na kigoda chenu mbaki nacho!" Nilisema na mengine. Jambo lenyewe lilikuwa wazi kwangu: wakisema ndiyo, nitavuka mpaka jioni ile ile na begi langu, na kila mtu kwetu atajua nimerudishwa kwa ubovu. Oboth nilimpenda. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu hivyo, hata yeye. Mzee Okiru alibaki na mrija mdomoni.

Mama Nyafwono alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye ule mguu ulioning'inia. Akasema, taratibu kabisa, "Mwanangu, nani nakusema wewe? Sisi tunasema ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Ng'ombe ya mahari. Ile Okiru alinunua kwa watu ya huko. Iko na goti mbaya. Kwenu watakataa."

Hapo ndipo Kiswahili cha Tororo kiliponiokoa au kunidanganya, chagua mwenyewe. Kwetu ng'ambo, hata tukikivuruga na Sheng, mtu tukimwita "hii" tunajua tumemtukana. Kule hakuna tusi. Mtu ni hii, sufuria ni hii, ng'ombe ni hii, na askofu akija ni hii. "Hii iko na shida ya goti" ingeweza kuwa mimi, ingeweza kuwa meza. Nilisimama pale nikiyapitia maneno yao moja moja. Irudishe kwao: ng'ombe ana kwao. Wakupe ingine: ng'ombe hubadilishwa. Oboth ataona ingine: sawa, hata ng'ombe. Cheko la Awor sikuweza kuliweka mahali. "Nataka kumwona," nikasema. Mzee Okiru akamtazama mama. Mama akasema, "Kesho Okiru naleta."

Na kesho yake akaletwa, ng'ombe jike mwekundu mwenye paji jeupe, akichechemea mguu wa mbele, kamba ikimvuta. Sikumwamini hata ng'ombe. Nilichuchumaa kadiri goti langu lilivyoruhusu, nikalishika goti lake kama yule dada wa hospitali alivyolishika langu, nikabinya huku namtazama usoni. Alivuta mguu. Uvimbe ulikuwa wa kweli, moto, wa zamani. Nilimgeuza, nikamtembeza, nikamtazama akiweka uzito. Hakuna mtu anayeweza kumfundisha ng'ombe kudanganya. Basi wakati huo huo, mbele yao wote, niliomba radhi kwa kelele, na Mama Nyafwono akasema, "Hapana neno," akaingia ndani upesi kuliko kawaida yake.

Yule ng'ombe ndiye aliyenifanya nitembee. Nilianza kwa kumhurumia. Nilimkanda kwa maji ya moto asubuhi, nikamfunga kitambaa, kisha tukatoka pamoja kwa njia tambarare hadi kwenye majani ya kinamasi na kurudi, yeye akichechemea mguu wa mbele, mimi wa kulia. Watu wa njiani waliuliza ni nani anampeleka mwenzake. Yeye hakuwa na haraka, kwa hiyo sikuweza kuwa nayo. Siku nilizozidisha, niliona kwake kwanza: asubuhi alikataa kuinuka, na hapo nilikumbuka kuliuliza goti langu lilivyolala. Tukapunguza, hatukuacha. Mzee Okiru alipita pale mara kwa mara, akasimama na kututazama, akamwita mama pembeni, wakazungumza, akaondoka. Nilimshuku kwamba anataka kumuuza ng'ombe kwa mchinjaji, nikamwonya. Mvua za pili zilipoanza, paja langu lilikuwa limerudi unene. Soksi ya mchanga niliirudisha kwenye kifundo hadharani, uani, na Mama Nyafwono akawaambia wageni, "Mugole wetu nafanya mazoezi," akilitamka neno hilo kwa tahadhari.

Mwisho wa mwaka walikuja kwetu na ng'ombe wazima. Mbele ya wazee nilishuka kwa goti la kushoto, la kulia nikalilaza kando juu ya mkeka, mkono mmoja chini, nikasalimu. Haikuwa piga-magoti ya kitabu. Baba mkubwa wa Oboth alinitazama muda mrefu, na mama mkwe, aliyekuwa nyuma yake, akakohoa. Yule mzee akaitikia salamu. Ng'ombe mwekundu alibaki Tororo kwa ombi langu, akazaa, akazeeka, na sikumshuku mtu yeyote kwa jambo lile tena.

Juzi, siku ya pili baada ya mazishi, mimi na Awor tulikuwa tunakusanya sufuria za kuazima. Tumekuwa wazee sasa, naye ana goti lake, la kushoto, na nilikuwa namwonyesha namna ya kukaza paja akiwa ameketi kitini. Nikamwambia tulivyokuwa wajinga, hata nikadhani wananisema mimi kumbe ni ng'ombe. Awor aliacha kukaza.

"Wifi, wewe bado unaamini ile ng'ombe?"

"Nilimshika goti mwenyewe."

"Goti ilikuwa ya kweli. Ng'ombe ndiyo haikuwa yetu." Akaweka sufuria chini. "Mama aliazima. Alimwambia Okiru, tafuta popote ng'ombe iko na shida ya goti, leta kesho, hii msichana iione, halafu rudisha. Siku moja tu! Sasa wewe ukaanza kuikanda na kuitembeza. Okiru anakuja kuchukua, anakuta uko nayo njiani. Anakuja tena, umeifunga kitambaa. Mama akauza mbuzi yake zote mbili akamlipa."

Niliketi. "Kwa hiyo siku ile mlikuwa mnanisema mimi."

"Tulikuwa tunakusema wewe. Na mama alikuwa amekubali."

Miaka yote hiyo nimenusa kila kikombe cha chai nilichopewa, nimemshuku daktari, padri na muuza mafuta, na ng'ombe mzima wa uongo alilala uani kwangu nikimkanda kwa maji moto. Niliona hasira inakuja, nikaingoja, ikapita bila kusimama. Nikamuuliza Awor, kama amekubali nirudishwe, kwa nini basi asiniache niende?

"Mimi pia nilimuuliza," Awor akasema. "Jioni hiyo hiyo, jikoni. Alisema, 'Umeona hii msichana? Imesimama na mguu moja na inagombana na watu wazima watatu. Hii ndiyo itanizika.'"

Nilicheka mpaka waliokuwa wanakunja turubai wakageuka, na katikati ya kucheka nikaanza kumlilia Mama Nyafwono, kwa sauti, kama nilivyopaswa kumlilia tangu simu ile. Awor akanishika bega. Udongo wa kaburi ulikuwa bado kwenye viatu vyangu.